Magazeti ya wakati wa vita: lipi msomaji wa Iringa, Njombe au Mbeya aanze nalo

Mtu akiniuliza asome gazeti gani ili ayajue maisha ya watu wa kawaida wakati wa vita viwili vikubwa vya dunia, mimi humwuliza kwanza kwao ni wapi, kisha ni vita vipi anavyovitaka. Maswali hayo mawili yana uzito kuliko watu wanavyodhani. Mtu wa Tanga anaweza kuchukua gazeti la mwaka 1914 akakuta mji wake umo ndani yake, lakini mtu wa Lupembe, Tukuyu au Kalenga akilichukua gazeti hilohilo anaweza kusoma kurasa nyingi asikute hata jina la mto anaoujua. Nimefundisha historia huku Nyanda za Juu Kusini kwa miaka mingi, na nimeona vijana wenye hamu wakikata tamaa kwa sababu walianza na gazeti lisilowafaa. Kwa hiyo nayaweka hapa magazeti hayo kando kwa kando, na ninasema wazi ni lipi ningeanza nalo na kwa nini.

Hukumu yangu naitanguliza: aanze na Mambo Leo ya miaka ya 1939 hadi 1945, na pembeni yake aweke Kwetu. Magazeti ya wakati wa Wajerumani ayafuate baadaye, akijua vizuri mpaka wake uko wapi.

Magazeti ya wakati wa Wajerumani

Katika Vita vya Kwanza, magazeti mawili ndiyo yanayotajwa zaidi. La kwanza ni Kiongozi, gazeti la Kiswahili la serikali ya Kijerumani, lililoanza mwaka 1904 na kuchapwa katika kiwanda cha uchapaji cha shule ya serikali ya Tanga. La pili ni Deutsch-Ostafrikanische Zeitung, lililotoka Dar es Salaam tangu mwaka 1899 kwa lugha ya Kijerumani, likisomwa na walowezi, wafanyabiashara na maofisa. Yote mawili yalikoma mwaka 1916, majeshi ya Uingereza yalipoitwaa pwani.

Tofauti ya kwanza kati yao ni nani anasema. Kiongozi lilitegemea sana barua na habari zilizoandikwa na watu waliopita shule za serikali, yaani walimu, makarani na wengineo waliopangiwa kazi katika maboma ya bara. Walikuwa Waafrika walioandika kwa Kiswahili juu ya mvua, mavuno, safari, sherehe na misiba ya mahali walipokaa. Ni kweli kwamba waliandika chini ya jicho la serikali, na sifa walizomiminia wakubwa wao ni nyingi mno. Hata hivyo, katikati ya sifa hizo mwandishi huponyokwa na jambo dogo ambalo hakuliona kuwa na hatari: ugonjwa uliopita, bidhaa iliyoadimika sokoni, daraja lililochukuliwa na maji. Mambo madogo ya namna hiyo ndiyo tunayoyatafuta. Gazeti la walowezi, kwa upande wake, humtazama Mwafrika kwa mbali, na mara nyingi humtazama kama nguvu kazi tu. Anayelisoma atajifunza mengi juu ya meza ya Mzungu na hofu zake, na machache sana juu ya chungu cha jirani yake.

Tofauti ya pili ni ugumu wa kusoma. Gazeti la Kijerumani limechapwa kwa herufi za kale zenye kona na mikia, ambazo hata anayejua Kijerumani cha leo huhitaji siku kadhaa kuzizoea. Uzuri wake ni kwamba nakala zake zinapatikana kwenye intaneti kupitia maktaba ya serikali iliyoko Berlin, kwa hiyo mtu aliyeko Mafinga anaweza kulifungua kwenye simu yake bila kusafiri. Kiswahili cha Kiongozi nacho kina ugeni wake. Ni Kiswahili cha kabla ya usanifishaji, tahajia yake haijatulia, na Mjerumani huitwa Mdachi. Lakini msomaji mwenye subira huingia ndani yake baada ya kurasa chache, na anayeipenda lugha hatajutia saa hata moja.

Ukisoma matoleo ya miezi ya kwanza ya vita, soma ukijua yaliyokuwa yakitokea. Dar es Salaam ilipigwa mizinga kutoka baharini tarehe 8 Agosti 1914, Waingereza na Wajerumani wakapigana Karonga mwezi Septemba, na mwanzoni mwa Novemba Waingereza wakashindwa Tanga. Tangu hapo meli za Uingereza ziliifunga bahari, na koloni zima likalazimika kujitengenezea vitu vyake. Kituo cha utafiti cha Amani kilitengeneza kwinini kutokana na magome ya mti wa msinkona, watu walirudia kusokota pamba na kufuma nguo, noti za muda zilichapwa kwa sababu fedha kutoka Ulaya haikuingia, na mwaka 1916 kule Tabora zikafuliwa sarafu za shaba. Sisi tunaosema "sina hela" kila siku tunataja bila kujua sarafu ndogo ya Mjerumani, iliyokuwa mia moja katika rupia moja. Msomaji anayeyajua haya ataona katika tangazo fupi la duka, ambalo mwingine angeliruka, kwamba kinachosimuliwa ni vita vilivyoingia hadi jikoni.

Sasa nifike kwenye mpaka niliousema, kwa sababu ndio unaowapotosha wengi wa kwetu. Jeshi la Waingereza la Jenerali Northey lilivuka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini (Malawi na Zambia za leo) mwishoni mwa Mei 1916, likaichukua Tukuyu, ambayo wakati huo iliitwa Neu Langenburg, likapigana Malangali mwezi Julai, na likaingia Iringa tarehe 29 Agosti. Tanga ilikwisha kutekwa mwezi Julai, na Dar es Salaam ilitekwa mwanzoni mwa Septemba. Maana yake ni kwamba magazeti ya Wajerumani yalinyamaza katika majira yaleyale ambapo vita vilifika kwetu. Yaliyofuata huku juu yalikuwa mazito kuliko yaliyotangulia: vikosi vya Wajerumani vilivyorudi nyuma kutoka Tabora vikapigana kuizunguka Iringa, Lupembe na Ilembula hadi mwisho wa mwaka huo, vyakula vikachukuliwa maghalani, wanaume wakakamatwa kuwa wapagazi kwa pande zote mbili, na mwezi Oktoba 1918 Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akapita Ubena akielekea Rhodesia ya Kaskazini, ambako alisalimu amri Abercorn tarehe 25 Novemba. Homa kubwa ya mwaka huo ikaja juu ya miili iliyokwisha kudhoofika kwa njaa. Yote haya yalitokea baada ya Kiongozi kufungwa. Anayetafuta njaa ya Ubena ya mwaka 1917 ndani ya gazeti lililokoma mwaka 1916 anapoteza nauli yake.

Kwa miaka hiyo miwili mitupu, watu wa Kyela, Rungwe, Ileje na Mbozi wana njia nyingine ambayo haikumbukwi mara nyingi, nayo ni magazeti ya jirani. Nyasaland Times lilitoka Blantyre na Livingstone Mail lilitoka Livingstone, yote kwa Kiingereza, na yote yalikuwa ya walowezi. Kasoro ya mtazamo ni ileile ya gazeti la Dar es Salaam, pengine imezidi, kwa kuwa kwao sisi tulikuwa nchi ya adui. Lakini jeshi lililopita katika mashamba ya Wanyakyusa lilitoka upande wao, wapagazi wengi walitoka upande wao, na biashara ya kulilisha jeshi hilo ilikuwa yao. Kwa mtu wa mpakani ningeyaweka magazeti haya mbele ya lile la Dar es Salaam bila kusita, ilhali kwa mtu wa Iringa au Kilolo ningemwambia aende kwenye kumbukumbu za misheni, kwa sababu wamisionari wa Berlin na wa Moravian walikuwa wamekaa huku tangu mwaka 1891 na waliandika sana.

Mambo Leo na Kwetu

Tukivuka hadi mwaka 1939 hali inabadilika kabisa, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa utajiri uko hapa.

Mambo Leo lilianza Januari 1923 kama gazeti la kila mwezi la Idara ya Elimu ya serikali ya Tanganyika. Vita vya pili vilipoanza lilikuwa na umri wa miaka kumi na sita na wasomaji waliolizoea: walimu wa shule za vijijini, makarani wa mabomani, wauguzi, makatekista. Wasiojua kusoma walisomewa. Nakala moja ilipita mikono mingi kabla ya kuchakaa, na habari iliyochapwa Dar es Salaam ilifika Njombe au Tukuyu kwa lori siku nyingi baadaye. Mtu anayelisoma leo aukumbuke mwendo huo, maana msomaji wa wakati ule hakuipata vita siku kwa siku kama sisi tunavyozipata habari zetu. Aliipata kwa mkupuo, ikiwa imekwisha kupoa, na katikati ya mkupuo mmoja na mwingine alijaziwa na uvumi.

Kurasa za mbele za Mambo Leo wakati wa vita ni za serikali, na msomaji mwenye haraka huzichoka upesi. Ushindi unasifiwa, michango inahimizwa, adui anakejeliwa. Ushauri wangu ni kuzipitia kwa jicho jepesi, kisha kushuka polepole kwenye habari za miji, barua na mashairi. Katika sehemu hizo watu wanaandika kwa majina yao na ya miji yao juu ya ndoa, vifo, mechi za mpira, uhamisho wa makarani, ukame, nzige, bei. Mashairi yasidharauliwe hata kidogo. Mshairi wa Mambo Leo hakuwa akitafuta uzuri wa vina peke yake. Alikuwa akijibizana na mshairi wa mji mwingine juu ya mambo yaliyowagusa, na hoja ambayo isingepita katika barua iliweza kupita katika beti. Miongoni mwa walioandika humo alikuwamo Shaaban Robert, ambaye wakati ule alikuwa karani wa serikali kama wasomaji wengi wa gazeti hilo.

Kwetu ni gazeti la namna nyingine. Lilianzishwa na Erica Fiah, mfanyabiashara mwenye asili ya Uganda aliyeishi Dar es Salaam, mwezi Novemba 1937, nalo ndilo gazeti la kwanza la Tanganyika kumilikiwa na Mwafrika. Halikuwa na fedha za serikali nyuma yake, na jambo hilo linaonekana: lilitoka kwa kuchechemea, na kuna nyakati msomaji anatafuta toleo linalofuata asilione. Lakini lilisema yale ambayo Mambo Leo lisingeyasema. Mishahara isiyotosha, ubaguzi kazini, mfanyabiashara Mwafrika kubanwa na mwenye duka kubwa, elimu kunyimwa wanaoitaka, yote haya yalipata nafasi ndani ya Kwetu. Lilifanya hivyo chini ya kanuni za wakati wa vita, ambapo mhariri alipaswa kupima kila sentensi, kwa hiyo msomaji naye apime: malalamiko yaliyofunikwa kwa adabu nyingi kupita kiasi mara nyingi ndiyo yenye moto.

Nikiyalinganisha haya mawili kwa macho ya mtu wa Nyanda za Juu, Mambo Leo linashinda kwa upana na Kwetu linashinda kwa ukweli wa uchungu. Kwetu ni gazeti la mjini. Linaijua Kariakoo kuliko linavyolijua bonde la Usangu, na si kosa lake. Mambo Leo lilikuwa na mwandishi wa barua karibu katika kila boma, hata kama mwandishi huyo alijua kunyamaza. Ndiyo maana sishauri mtu achague moja na kuliacha lingine kabisa. Nashauri aanze na Mambo Leo ili aone nchi yote, kisha kila anapokutana na jambo linalosifiwa mno, alitafute katika Kwetu la miezi hiyohiyo.

Magazeti mengine ya wakati huo nayataja kwa ufupi. Tanganyika Standard, lililoanza mwaka 1930 kwa Kiingereza, linafaa kwa tarehe na matangazo ya serikali, na kwa anayechunguza maisha ya walowezi wa Mufindi na Mbeya. Baraza, lililoanza Nairobi mwaka 1939, lina habari nyingi za vita kwa Kiswahili, ila macho yake yako Kenya. Askari lilitolewa kwa ajili ya wanajeshi wa Kiafrika, na mwenye babu aliyekuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, asiliache, akikumbuka kwamba lengo lake lilikuwa kuwatia moyo waliokuwa vitani, si kuwaeleza waliobaki nyumbani wanakula nini.

Mambo ya kwetu ya kutafuta

Gazeti la zamani humjibu anayeingia na swali. Nyanda za Juu Kusini zina maswali yake katika Vita vya Pili, na mengi yana alama hadi leo tunapopita barabarani.

Mwezi Septemba 1939 walowezi na wamisionari wa Kijerumani walianza kukamatwa, mashamba yao yakawekwa chini ya msimamizi wa mali za adui, na mashamba ya chai ya Mufindi yakapata waendeshaji wapya. Vibarua wa mashamba hayo walilipwa na nani mwezi uliofuata? Shule na zahanati za misheni ziliendeshwaje? Mwaka 1940 misafara ya magari ya jeshi la Afrika Kusini ilipita Mbeya na Iringa kwa barabara kuu ya kaskazini ikielekea Kenya, na kila aliyekuwa mtoto kando ya barabara hiyo aliiona. Pareto, ambayo wakulima wa Njombe na Makete wanaijua hadi sasa, ilitakiwa sana kwa dawa ya kuua wadudu waliowasumbua wanajeshi. Migodi ya dhahabu ya Lupa, iliyowavuta maelfu hadi Chunya katika miaka ya thelathini, ilipungukiwa na watu na vifaa. Wanaume waliandikishwa kwenda kukata mkonge, kazi ambayo wazee wetu waliita kwenda manamba. Kuanzia mwaka 1942 wakimbizi wa Kipolandi, wengi wao wanawake na watoto waliokwisha kupitia Siberia na Uajemi, waliletwa Ifunda na Kidugala, na makaburi yao yapo hadi leo.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa msichana wakati huo. Alituambia kwamba mwaka mmoja wa vita chumvi ilipimwa kwa kijiko na kanga moja ilivaliwa na dada watatu kwa zamu, kila mmoja siku yake ya kwenda kanisani. Kwa muda mrefu nilidhani ni maneno ya wazee ya kutufundisha kuridhika. Nilipoanza kusoma juu ya uhaba wa nguo na upangaji wa bei wa miaka ile, nilirudi kwake na maswali mapya: duka lilikuwa la nani, foleni ilianza saa ngapi, nani alipewa kwanza. Alinijibu mchana kutwa, na alikumbuka mambo ambayo hakuwahi kuyasema kwa sababu hakuna aliyemwuliza. Gazeti halikunipa habari za bibi yangu, kwa kuwa hakuna mwandishi aliyefika kijijini kwao. Lilinipa maswali ya kumpelekea. Aliyekuwa na umri wa miaka kumi vita vilipokwisha mwaka 1945 sasa amevuka miaka tisini. Ukimwamkia mzee wa namna hiyo, "Kamwene," akakuitikia, kaa chini, na uwe umekwisha kusoma.

Nani achague nini

Anayetafuta babu aliyepigana Burma katika bonde la Kabaw mwaka 1944 aanze na Askari na Baraza kwa ajili ya vita vyenyewe, kisha Mambo Leo la mwaka 1945 na 1946 kwa ajili ya kurudi nyumbani. Mwalimu anayetaka kusoma gazeti na darasa lake achukue Mambo Leo, kwa sababu mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kulisoma bila mkalimani. Mpenzi wa lugha asiikose Kiongozi. Anayeandika juu ya haki za wafanyakazi au mwanzo wa siasa asome Kwetu lote lililobaki. Mtu wa mpakani mwenye swali la mwaka 1917 ageukie Blantyre. Na yule anayejua Kijerumani, mwenye intaneti lakini asiye na nauli, alisome gazeti la walowezi huku akijiuliza kila ukurasa ni nani amenyimwa sauti hapo.

Kuhusu mahali, magazeti ya Kiswahili ya zamani huulizwa kwanza Nyaraka za Taifa na katika mkusanyo wa Afrika Mashariki wa maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa aliyeko Iringa, kabla ya kusafiri ni vyema apite kwenye makumbusho yaliyo ndani ya boma la zamani la Wajerumani mjini, na kwenye makaburi ya wanajeshi wa vita vyote viwili, asome majina na tarehe, aziandike. Tarehe hizo zitamwongoza katika kurasa.

Mwenye siku moja tu ya kukaa maktabani asiombe toleo la siku vita vilipotangazwa wala la siku vilipokwisha, kwa maana siku hizo magazeti yote husema mamoja. Aombe Mambo Leo la mwaka 1943, mwaka wa ukame na uhaba wa chakula katika sehemu nyingi za Tanganyika, miezi yote kumi na miwili kwa mfuatano, na aanze kila toleo kutoka ukurasa wa nyuma.